Maji Huingilia Nchani

Mkoa wa Morogoro hauna bahari, lakini una vyombo. Katika bonde la Kilombero, ambalo tangu 2002 limo kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mtumbwi ndio unaomfikisha mvuvi kwenye nyavu zake na mkulima kwenye shamba lililozingirwa na maji ya masika. Nje kidogo ya manispaa, kwenye Bwawa la Mindu linalokinga maji ya Mto Ngerengere, wavuvi huingia majini kwa vyombo vidogo huku safu ya Uluguru imesimama nyuma yao. Ni vyombo vya kazi, na hasara kubwa ya wenye navyo hutokana na kuoza: ubao wa kukalia unaolainika kuzunguka misumari, ukingo unaochanika, mataruma, yaani miti ya ndani inayoshika umbo la chombo, yanayogeuka unga pale yanapogusa sakafu.

Mwenye chombo akiona hivyo hukimbilia duka la rangi. Hapo amekwisha kuchelewa. Rangi na vanishi ni hatua ya mwisho, na katika hatua zote ndiyo yenye nguvu ndogo zaidi. Umri wa ubao ndani ya chombo huamuliwa mapema: siku ulipopasuliwa, siku ulipoanikwa, na dakika ile fundi alipochagua msumari uingie wapi na ncha ifunikwe kwa nini.

Tuanze na mti wenyewe. Mti uliosimama kazi yake ni kupandisha maji kutoka mizizini hadi kwenye majani, na mbao haisahau kazi hiyo baada ya kukatwa. Nyuzi zake ni kama mirija myembamba iliyofungwa pamoja kufuata urefu wa gogo. Maji yakimwagika kwenye uso wa ubao hukutana na kuta za mirija hiyo. Yakifika nchani, pale msumeno ulipokata, hukutana na midomo iliyo wazi. Ndiyo maana ncha hunywa maji kwa kasi mara nyingi kuliko uso. Fundi anayepaka rangi mikono mitatu usoni na kuiacha ncha tupu kwa kuwa haionekani, ameshughulikia njia nyembamba na kuiacha iliyo pana.

Maji hukaa ndani ya ubao kwa namna mbili. Mengine yamo huru ndani ya mirija, mengine yameshikwa na kuta zake. Ubao mbichi ukianza kukauka, yaliyo huru hutoka kwanza. Uzito hupungua lakini upana haubadiliki. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito mkavu wa ubao, kuta zenyewe huanza kupoteza maji, na hapo ubao husinyaa. Ukilowa tena, hutanuka. Mabadiliko hayo hayalingani kwa pande zote. Kwa urefu ni madogo mno, karibu hayapo. Kutoka kwenye kiini cha gogo kuelekea gome yanaonekana. Kufuata mzunguko wa pete yanakaribia mara mbili ya hapo, na kwa miti mingine huzidi.

Chukua ubao wa msaji wenye upana wa milimita 200, uliopasuliwa ubavuni mwa gogo hivi kwamba pete zake zimelala sambamba na uso. Msaji umesifiwa duniani kote kwa utulivu wake, na sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo ubao huo ukishuka kutoka unyevu wa asilimia 25 hadi 15 utapungua karibu milimita 4. Ubao wa gogo hilohilo uliopasuliwa kupitia kiini, pete zikiwa zimesimama wima, utapungua chini ya milimita 2. Nusu nzima ya tatizo imeondoka kwa kuangalia tu ncha ya ubao kabla ya kulipa. Pete zikiwa zimesimama, huo ni ubao wa kiti, wa sakafu au wa ukingo. Zikiwa zimelala, uchane uwe vipande vyembamba au uutafutie kazi nyingine.

Kuoza ni jambo jingine, ingawa mlango ni uleule. Kuvu wanaokula mbao huhitaji unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi; chini ya hapo hawafanyi kazi. Huhitaji pia hewa, na kwa hiyo mbao iliyozama moja kwa moja hudumu kuliko watu wanavyodhani. Kinachoumaliza ubao ni hali ya katikati, pale panapolowa bila kuzama na kukauka bila kukauka vya kutosha. Mtumbwi huishi hapo maisha yake yote.

Morogoro huongeza ugumu wake. Miteremko ya mashariki ya Uluguru, upande wa Kinole na Matombo unaopokea pepo za Bahari ya Hindi, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mji wenyewe, ulio upande wa pili kwenye kimo cha mita 500 hivi, haufikishi hata nusu ya mvua hiyo. Mbao iliyopasuliwa kule na kushushwa mjini siku hiyohiyo imehamishwa ghafla kutoka ukungu hadi jua kali. Ikianikwa juani mwezi wa Agosti, nje hukauka na ndani hubaki mbichi. Nje hutaka kusinyaa, ndani hukataa, na ugomvi huo huishia kwenye nyufa za nchani na ubao uliojipinda. Muuzaji atakuambia, "Hiyo imekauka, fundi," na uso wa ubao utamuunga mkono.

Kipo kipimo kisichohitaji mtambo. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, mbali na ncha, kipime kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu, kisha kikaushe kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 103 hadi uzito usipungue tena. Kama kilikuwa gramu 60 na kimebaki 50, maji yaliyotoka ni gramu 10, yaani asilimia 20 ya uzito mkavu. Ubao wa kiti au sakafu ya chombo kidogo uanze kufanyiwa kazi ukiwa kwenye asilimia 15 hivi. Ukiwa mkavu mno utatanuka na kusukumana na jirani zake ukikutana na maji. Ukiwa mbichi utaacha mianya na kulegeza skrubu.

Hiki si kipimo cha siri. Ndicho kinachotumika katika maabara za mbao popote duniani, na Morogoro ina taasisi mbili zinazokijua vizuri: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa 1984, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania, TAFORI, iliyoundwa kwa sheria ya 1980 na yenye makao yake hapahapa. Si rahisi kupata mji mwingine nchini wenye elimu ya mbao iliyokusanyika kiasi hiki. Natamani elimu hiyo izoeleke kwenye karakana za kando ya barabara kama ilivyozoeleka futi ya chuma, kwa sababu gharama yake ni kipande cha ubao na saa kadhaa za moto.

Kukausha kwenyewe kunahitaji subira zaidi ya fedha. Panga mbao chini ya paa, mahali penye upepo na pasipo na jua la moja kwa moja, ukitenganisha kila tabaka kwa vijiti vyenye unene mmoja vilivyopangwa kwa mstari wima. Paka ncha zote rangi nzito siku hiyohiyo mbao inapofika. Ncha ikizibwa, maji hulazimika kutokea usoni polepole, na ubao hukauka kwa mwendo mmoja.

Mtumbwi wa gogo ni kisa tofauti. Huo huchongwa mti ungali mbichi kwa kuwa tezo hupita kwa wepesi, kisha hukaushwa kivulini taratibu. Mchongaji akilitoboa gogo hukiondoa kiini, ambacho ndicho chanzo cha nyufa, lakini kiini hicho hubaki kwenye pua na mkia. Ndiyo sababu nyufa nyingi za mitumbwi huanzia huko. Ncha hizo mbili ndizo za kufunikwa kwa majani mabichi au matambara yenye unyevu majuma ya mwanzo.

Kuhusu aina ya mti, mwenye chombo wa Morogoro ana bahati kuliko wengi. Mashamba ya msaji yapo Mtibwa, na katika bonde la Kilombero kampuni ya Kilombero Valley Teak imekuwa ikiupanda tangu miaka ya 1990. Lakini jina la msaji lisimlaze mtu. Uimara wake umo kwenye mbao ya ndani, ile ya rangi ya dhahabu iliyokolea. Mbao nyeupe ya nje, iliyo chini ya gome, huoza kama mbao nyingine yoyote dhaifu, na miti michanga inayopunguzwa mashambani huwa na sehemu kubwa ya weupe huo. Ukinunua msaji wa bei nafuu, uchane weupe wote kabla ya kupima urefu. Mvule hudumu vilevile, ila ndani yake hukutwa mawe ya chokaa yanayoua meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua. Fundi afunike pua. Mninga hubadilika kidogo sana kwa unyevu, na ungekuwa bora kuliko yote kwa viti kama watengenezaji wa samani wasingekuwa tayari kuulipia zaidi.

Mti ninaotaka kuukalia zaidi ni sedrela. Kwenye vilima vya chini vya mashariki ya Uluguru, karibu na Mto Ruvu, upo msitu wa hifadhi wa Kimboza, wa hekta 400 hivi, uliokua juu ya miamba ya chokaa. Ndiyo makao ya mjusi mdogo wa buluu asiyepatikana ila katika eneo hilo. Sedrela ililetwa humo kutoka Amerika ya kitropiki kama mti wa mbao, ikazaa mno, na leo ni mvamizi anayeisonga miti ya asili. Wahifadhi wamekuwa wakihangaika kuipunguza. Na mbao yenyewe? Ni nyepesi, inanukia, inakubali randa bila kung'oka nyuzi, na huko ilikotoka imetumika kwenye mashua ndogo kwa vizazi vingi. Sedrela inayokatwa kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu kwa ajili ya kuuokoa msitu ingefaa kuishia kwenye viti na kingo za vyombo vya Mindu kuliko kwenye tanuri la mkaa. Tahadhari ni mbili. Miti michanga haina uimara wa ile mikubwa, kwa hiyo isiwekwe chini ya mstari wa maji. Na biashara yake isikue hadi watu wakaanza kuupanda upya mti uleule tunaojaribu kuuondoa.

Sasa tuje kwenye kufunga. Kiti cha chombo kidogo, yaani ubao unaovuka kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, kinaonekana kazi ya nusu saa. Kwa kweli ndicho kinachomtambulisha fundi. Hakibebi mvuvi peke yake. Kinazuia pia mbavu zisifunguke wala kukaribiana. Nguvu hiyo inapaswa kupita kwenye mataruma, kupitia ubao mwembamba uliofungwa juu yake kwa ndani, ambao ndio kiti hukalia. Ncha ya kiti isiusukume ubao wa ubavu. Ikiusukuma, ubavu huvimba kwa nje, mshono hufunguka, na ncha hiyo iliyobanwa hubaki na unyevu wa kudumu. Iache milimita 3 hivi, nafasi ileile kutoka mwanzo hadi mwisho, upepo upite na maji yashuke.

Ugumu uko kwenye maneno hayo, nafasi ileile. Ubavu wa mashua umejikunja kwa upana na kwa kimo, na futi haiwezi kuusoma. Tumia kadibodi. Ikate iwe ndogo kidogo kuliko nafasi ya kiti, ishikilie mahali pake isicheze, kisha chukua kipande cha ubao chenye upana wa vidole viwili, kiegemeze ubavuni, na utembeze penseli upande wake wa pili. Mstari utakaobaki kwenye kadibodi unafuata kila mkunjo wa ubavu kwa umbali mmoja. Weka kadibodi juu ya ubao mkavu, rudisha umbali ule kwa kipande kilekile, na umbo la kweli la ncha ya kiti litajichora. Pima na mlalo pia, maana sehemu ya juu ya kiti na ya chini hazina urefu mmoja. Ubavu unapanuka kadiri unavyopanda. Kata nje ya mstari na uufikie kwa randa.

Baadaye huja misumari, na hapo ndipo ubao mzuri huharibiwa. Ubao mpana uliopigiliwa kwenye kingo zake zote mbili umekatazwa kusinyaa. Kwa kuwa hauwezi kutotii hali ya hewa, utapasuka katikati. Dawa ni kutumia mbao mbili nyembamba zenye mwanya kati yake badala ya moja pana, kila moja ikishikwa na skrubu karibu na mstari wake wa kati. Msumari wa chuma kisichopakwa zinki usikaribie mbao yenye maji: kutu hukutana na kemikali za mti, weusi husambaa, na mbao inayouzunguka hulainika hadi msumari unang'oka kwa vidole. Shaba nyeupe, shaba nyekundu au chuma kisichoshika kutu ni ghali, lakini skrubu nne zinatosha kiti kimoja.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi wa samani hawana sababu ya kulifikiria. Keekee inapotoboa ubao hukata nyuzi zote zilizo njiani. Kuta za tundu zimejaa midomo ya mirija. Kila tundu, kwa hiyo, ni ncha mpya uliyoitengeneza mwenyewe katikati ya ubao mzima. Tia rangi nzito au epoksi ndani ya tundu kwanza, ndipo skrubu iingie ikiwa bado mbichi. Ni kazi ya nukta chache na hakuna anayeiona, lakini viti vingi vimeoza kwa kuikosa.

Chini ya mataruma acha njia ya maji. Taruma linaloshika sakafu bila mwanya hugeuka kizuizi kidogo, na nyuma yake dimbwi hukaa juma zima. Tundu la ukubwa wa kidole, likiwa limepakwa rangi, huyaacha maji yatiririke hadi mahali pamoja yanapoweza kutekwa. Na taruma lenyewe lisichongwe kutoka ubao ulionyooka kama kuna tawi lenye mkunjo unaofaa. Nyuzi zikifuata mkunjo, taruma hushika kwa urefu wake wote. Zikikatwa na mkunjo, huvunjika palepale, na ncha huongezeka.

Maji ninayoyaogopa kwenye Mindu si ya bwawa. Ni ya mvua. Pwani hali ni tofauti. Ruvu, uliozaliwa Uluguru, huingia baharini kaskazini kidogo ya Bagamoyo, na kule maadui wa mafundi ni wengine: wadudu wa maji ya chumvi wanaotoboa mbao hadi ibaki ganda. Ndiyo sababu pwani ina kalafati ya pamba na mafuta, na deheni ya shahamu na chokaa inayopakwa chini ya chombo. Lakini chumvi hiyohiyo huwazuia kuvu. Maji baridi hayana wadudu hao, wala hayana kinga hiyo. Mvua inayojaa ndani ya mtumbwi ulioachwa wazi usiku kucha hufanya madhara kuliko bwawa zima lililo nje yake. Mtumbwi usio kazini upinduliwe juu ya magogo mawili, usiguse udongo, kwa maana mchwa wa Morogoro hawangoji.

Ikishafika hapo, rangi ina maana. Zungusha kwanza kingo zote zilizo kali, kwani rangi hukimbia pembe na kubaki nyembamba mno pale panapogongwa zaidi. Piga msasa kufuata nyuzi, kuanzia namba 80 hadi 120 au 180, na usiendelee kung'arisha. Rangi inahitaji mahali pa kushika. Mkono wa kwanza upunguzwe makali kwa tapentaini ili uzame, na ncha zipate mikono miwili zaidi ya uso.

Vanishi inavutia, nami naelewa kwa nini mtu anapenda kuuona msaji wake. Ila vanishi hupitisha mwanga. Jua, ambalo kwa Morogoro hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, huivunja lignini, gundi ya nyuzi za mbao, iliyo chini yake, na vanishi hubanduka kwa kuwa mbao iliyoishika imekufa. Vanishi ya makabati haifai kabisa nje. Ile ya vyombo, yenye kinga ya jua, inataka mikono sita au zaidi na kurudiwa kila mwaka. Rangi ya mafuta ya kawaida hufunika mwanga wote na hudumu zaidi kwa fedha chache. Kwa chombo cha kazi ningepaka rangi kila mahali isipokuwa mpini wa kafi, ambao ungepata mafuta ya kitani tu. Vanishi kwenye mpini huunguza viganja.

Na oili chafu ya gereji isikaribie. Wapo wanaoipaka chini ya mtumbwi wakiamini inahifadhi. Hukawiza maji kwa muda mfupi, haiui kuvu kwa uhakika, kisha hujiosha bwawani pamoja na metali nzito zilizotoka kwenye injini. Mindu ndilo chanzo kikuu cha maji ya bomba ya Morogoro.

Vyombo vya faiba vinaongezeka, na serikali imekuwa ikiwakopesha wavuvi. Vimepunguza kazi ya mbao bila kuimaliza. Vingi vina ubao ndani ya ukuta wa nyuma, pale injini inapofungwa, na huo huoza gizani, umefunikwa na faiba pande zote, kwa sababu bolti za injini zimetoboa ngozi na kuacha nyuzi wazi. Dalili ni ukuta unaotoa mlio mzito ukigongwa, au maji ya kahawia yanayovuja kwenye bolti. Kwa chombo kipya kinga yake ni rahisi. Tundu la bolti ya milimita 10 litobolewe kwanza kwa milimita 14, lijazwe epoksi, liachwe ligande kabisa, kisha litobolewe upya kwa milimita 10 katikati ya epoksi hiyo. Bolti itapita ndani ya epoksi na haitaugusa ubao.